KUJIAMINI NA KUAMUA MBELE YA KITANDA CHA MGONJWA

(Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi mkunga mstaafu mbele ya wauguzi na wakunga wanaoanza kazi katika hospitali na vituo vya afya vya Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi wote wa afya na wananchi kwa jumla.)



Nawashukuru waandalizi kwa kunikumbuka mimi niliyekwisha kuvua sare. Nimeombwa nizungumze juu ya namna muuguzi anavyojenga kujiamini na uwezo wa kuamua jambo mbele ya mgonjwa. Mada hii ni pana, na kwa ruhusa yenu nitaianza kwa habari ya usiku mmoja.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Ilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi, mimi na mhudumu mmoja. Mkunga mkuu wa zamu alikuwa chumba cha kujifungulia. Mama mmoja alijifungua salama saa nne, mtoto wake wa nne, akaletwa wodini. Saa tano nilimpima: mapigo ya moyo 92 kwa dakika, shinikizo la damu 110 kwa 70. Saa tano na nusu mapigo yalikuwa 104, shinikizo lile lile. Saa sita mapigo yalifika 118, na shinikizo 108 kwa 70. Yote hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko nilikuwa nao. Mama aliomba maji mara mbili, nikampa. Alikuwa akijigeuzageuza kitandani, nikamwambia atulie apumzike. Nilitazama kitambaa chake, sikukiona kimeroa sana, nikaenda kitanda kingine.

Mkunga mkuu akapita kuja kuchukua dripu. Hakusimama kusoma faili. Alimtazama mama usoni, akamshika kiganja, kisha akaweka mkono wake juu ya tumbo na kuniita kwa sauti ya chini: “Njoo mwanangu, shika hapa.” Kizazi kilikuwa laini kama unga uliokandwa, nacho kimepanda juu ya kitovu. Alipokisugua na kukiminya yalitoka mabonge ya damu yakajaza bakuli na kufurika. Mengine mnayajua: sindano ya oksitosini, dripu mbili, kibofu kikatolewa mkojo, daktari akaitwa, ndugu wa mama wakaamshwa kutoa damu. Mama yule alipona.

Mambo mawili yalinikosesha usingizi baada ya zamu ile. La kwanza, swali la kutokwa na damu baada ya kujifungua nililijibu katika mtihani wa mwisho, na nilipata alama zote. La pili, hesabu zote zilizohitajika kumwokoa mama yule nilikuwa nazo mimi, kwa mkono wangu, ndani ya faili. Sikukosa elimu wala sikukosa habari. Nilichokosa ni kule kusimama na kujiuliza kwa nini mapigo yanapanda na shinikizo halishuki.

Naomba nikae kidogo juu ya jambo hili, kwani ndani yake imo nusu ya mazungumzo yangu. Mwanamke mwenye mimba iliyofika wakati ana damu nyingi kuliko alivyokuwa kabla ya mimba, kwa kiasi cha asilimia 40 hivi. Hiyo ni akiba aliyowekewa na Muumba kwa ajili ya siku ya kujifungua. Akianza kupoteza damu, mishipa hujikaza na moyo huenda mbio ili shinikizo lisishuke. Kwa sababu hiyo mama mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita moja na kipimo cha shinikizo kikasoma vizuri. Kinachotangulia kusema ni mapigo ya moyo, halafu kiu, jasho la baridi, wasiwasi na kujigeuzageuza. Shinikizo likianguka, akiba imekwisha, na muda uliobaki ni mchache. Kwa hiyo muuguzi anayengoja shinikizo lishuke ndipo amwite daktari huwa anangoja kosa likamilike.

Mkunga wangu mkuu alikuwa akiyajua hayo kwa mikono yake. Sidhani kama angeweza kuyaeleza ubaoni vizuri kuliko walimu wangu. Lakini alikwisha kuona akina mama wengi wenye uso ule na kiganja kile.

Ndugu wauguzi, mwaka 1984 muuguzi mmoja wa Marekani, Bibi Patricia Benner, alichapisha kitabu kuhusu safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Alikaa na wauguzi akawasikiliza wakisimulia visa vyao vya kazini, kisha akavipanga kwa kufuata utafiti wa ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliochunguza jinsi warushaji ndege na wachezaji wa sataranji wanavyopata umahiri. Akaona ngazi tano. Mwanagenzi hufuata kanuni neno kwa neno, kwa kuwa hana kingine cha kufuata. Akianza kuzoea hutambua baadhi ya dalili, ila bado kwake mambo yote yana uzito mmoja. Anayefuata, ambaye kwa kawaida amefanya kazi ya aina moja kwa miaka miwili au mitatu, ana uwezo wa kupanga kazi yake na kujua kipi kitangulie. Mahiri humwona mgonjwa mzima kwa pamoja, si dalili moja moja. Na bingwa huona tatizo kabla hajajua kwa nini ameliona.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, kuwaondolea aibu wale walio katika ngazi ya mwanzo. Kutetemeka mkono katika zamu ya kwanza hakumaanishi kuwa umekosea kazi ya kuchagua. Una kanuni, zishike. Hizo ndizo fimbo yako mpaka macho yako yazoee giza. Pili, kuwaonya wenzangu wakongwe. Bibi Benner alieleza kuwa ubingwa haumfuati mtu kila aendako. Aliyekuwa bingwa wodi ya wazazi, akihamishiwa wodi ya watoto kesho asubuhi, atarudi ngazi za chini, na hana budi kukubali kufundishwa na kijana aliyezoea pale.

Kadhalika, miaka ya kazi peke yake haihesabiki kuwa uzoefu. Nimefanya kazi na watu wa miaka 20 ambao kwa kweli walikuwa na mwaka mmoja walioufanya mara 20. Mtafiti mwengine, Bibi Christine Tanner, mwaka 2006 alieleza kuwa uamuzi wa muuguzi una sehemu nne: kugundua, kufasiri, kutenda, na kurejea nyuma kutafakari. Usiku ule mimi niligundua, kwani niliandika 118. Sikufasiri. Na kama mkunga mkuu asingenikalisha asubuhi yake, akanifungulia faili lile na kuniuliza mstari kwa mstari, “hapa ulifikiri nini?”, nisingetafakari pia. Ningeondoka nikisema Mungu katusaidia, na ingekuwa kweli, lakini nisingejifunza kitu.

Sasa niseme neno juu ya jicho la mkongwe, kwa sababu nimelisifu na lazima nilipunguzie sifa. Kukisia damu kwa jicho ni jambo ambalo sote, wapya na wakongwe, tunakosea, na mara nyingi tunakisia pungufu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuhusisha zaidi ya akina mama 200,000, wakunga wa upande mmoja walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo, ya kukingia damu baada ya mtoto kutoka. Aidha, walitakiwa tatizo likionekana tu watoe matibabu yote kwa pamoja: kusugua kizazi, oksitosini, dawa ya kuzuia kutoka damu, dripu, na kutafuta chanzo, bila ya kungoja kimoja kishindwe ndipo waanze kingine. Akina mama waliopatwa na mambo makubwa, kama vile kupoteza lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu au kufariki kwa sababu yake, walipungua kwa asilimia 60. Wakunga wa upande wa pili hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikisia kwa jicho, kama nilivyokisia mimi.

Basi bingwa wa kweli anajua pale ambapo jicho lake humdanganya, na hapo hutumia kipimo. Nawaomba msimcheke muuguzi mpya anayehesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama saa. Nimepitia mafaili mengi katika maisha yangu, na nimewahi kuona wodi nzima, wazee kwa watoto, wote wakipumua mara 20 kwa dakika asubuhi na jioni. Wodi ya namna hiyo haipo duniani. Ilihali pumzi kwenda mbio ni miongoni mwa dalili zinazotangulia mgonjwa anapozidiwa, na haihitaji mashine wala umeme.

Nije kwenye mafunzo. Watu wengi, pamoja na wanaotoa fedha, hudhani kuwa ujuzi hutiwa mtu kwa semina: siku mbili ukumbini, chai, cheti, picha ya pamoja. Sizidharau semina, nimekwenda nyingi. Lakini hapa kwetu Tanzania tuna ushahidi ulio wazi. Mwaka 2009 ulianza kutumika mpango wa kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchua, na kumpumulisha kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Katika hospitali nane za Tanzania ambako mpango huo ulitumika, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walitazama kwa karibu zaidi. Wakunga waliopata mafunzo ya siku moja walipimwa baada ya miezi saba. Juu ya sanamu la mtoto walifanya vizuri. Ndani ya chumba cha kujifungulia, mbele ya mtoto wa kweli, kazi yao ilikuwa haijabadilika.

Hapo ndipo wenzetu wa Haydom walipofanya jambo la busara. Waliliweka sanamu pale pale wodini, wakunga wakafanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, na mengine ya muda mrefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Sanamu lilikuwa lile lile na somo lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mkono ulizoeshwa kidogo kidogo, karibu na mahali pa kazi, mpaka dakika ya hofu ilipofika ukafanya wenyewe.

Na wala hatuna haja ya kwenda mpaka Manyara. Hapa Unguja, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kati ya mwaka 2014 na 2016 ulifanyika mradi uliojulikana kwa jina la PartoMa. Wakunga na madaktari wa pale pale walishirikishwa kuandika mwongozo mdogo wa kutia mfukoni juu ya kumhudumia mama wakati wa uchungu, mwongozo uliokubali hali halisi ya wodi yenye kazi nyingi na watu wachache. Kisha zikawa zinafanyika semina fupi za mara kwa mara, baada ya saa za kazi, kwa anayependa kuja. Watoto wanaozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Natambua kuwa 39 bado ni wengi, na kila mmoja wao ana mama yake. Lakini nataka muone kuwa mabadiliko hayo waliyafanya watu kama nyinyi, katika jengo mnalolijua, bila ya jengo jipya.

Niliwahi kuulizwa na mkunga mmoja kijana: “Bi mkubwa, mwongozo ukisema hivi na daktari akasema vile, mimi nifuate lipi?” Swali zuri, na jibu lake ndilo gumu kuliko yote niliyokwisha kusema. Kujiamini kwa muuguzi hujaribiwa zaidi penye simu ya usiku kuliko penye sindano. Kijana anaona mgonjwa anaharibika, anajua, lakini anaogopa kumwamsha mkubwa wake. Akipiga simu husema kwa kuzungukazunguka: “Samahani dokta, kuna mama hapa, sijui, naona kama hajisikii vizuri.” Daktari naye, katika usingizi, atajibu, “Mwangalie, nitapita asubuhi.”

Katika manowari za jeshi la majini la Marekani walibuni utaratibu wa kutoa taarifa kwa vituo vinne, na hospitali nyingi ulimwenguni zimeuchukua: hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, ninavyoona mimi, na ninachotaka. Kwa Kiswahili chetu ingekuwa hivi: “Dokta, ni mkunga wa wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha sita mapigo yake ni 118 na yanapanda. Amejifungua saa nne, mtoto wa nne, shinikizo 108 kwa 70. Naona anatoka damu kwa ndani, kizazi ni laini. Nimeanza oksitosini na dripu. Naomba uje sasa hivi.” Haifiki nusu dakika. Na maneno mawili ndani yake, “naona” na “naomba”, ndiyo yanayomshinda muuguzi mpya, kwa sababu tumelelewa kwamba mdogo hasemi “naona” mbele ya mkubwa. Adabu yetu ni nzuri na siombi iachwe. Unaweza kusema “shikamoo” na “naona anatoka damu” katika simu moja.

Kwa wale wa visiwa vidogo jambo hili lina uzito zaidi. Muuguzi wa Tumbatu akitaka kumpeleka mgonjwa Kivunge, hana budi kwanza amvushe bahari hadi Mkokotoni. Vivyo hivyo wenzetu wa Kojani na Makoongwe. Pale uamuzi hauhusu ugonjwa tu, unahusu maji kupwa na kujaa, upepo, na nani mwenye chombo saa hizi. Ndiyo maana nawaambia wauguzi wa visiwani: waulizeni manahodha na akina baba wa kijiji mapema, kabla hamjapata mgonjwa. Mama ambaye uchungu wake umepita mstari wa tahadhari kwenye chati saa kumi jioni anaweza kuvushwa kwa utulivu. Mama yule yule saa saba usiku ni habari nyengine.

Sasa nigeuke kwa wakubwa, na mniwie radhi. Kijana anayeuliza swali akajibiwa, “Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?”, hataliuliza tena. Atalinyamazia, na siku moja ukimya ule utamgharimu mtu asiyejua hata kuwa swali lilikuwapo. Kama tunataka vijana wenye kujiamini, kwanza tuache kuwavunja mbele ya wagonjwa. Mkunga mkuu wangu hakuniumbua usiku ule. Alinishika mkono akauweka juu ya tumbo la mgonjwa. Nilijifunza kizazi laini kwa kiganja changu mwenyewe, na sijakisahau tangu siku ile.

Naelewa vile vile kwamba hakuna busara inayoweza kufanya kazi mahali ambapo mtu mmoja anatazama vitanda 40. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa katika hospitali za jimbo la Pennsylvania kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Utafiti wa mwaka 2003 wa watu hao hao ukaonesha kuwa penye wauguzi wengi wenye shahada wagonjwa wengi zaidi hupona. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya nayasema mbele yako kwa makusudi. Vijana wetu wanatoka skuli ya afya ya Mbweni, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwa na elimu kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Tukiwatupa peke yao usiku katika mwezi wa kwanza, elimu hiyo itageuka hofu.

Ombi langu kwa wasimamizi ni dogo. Muuguzi mpya katika miezi yake ya mwanzo asiachwe zamu ya usiku bila ya mkongwe anayeweza kumfikia kwa miguu. Makabidhiano ya zamu yafanyike mbele ya vitanda, si mezani, ili anayeingia amwone mgonjwa pamoja na anayetoka. Na kila wodi iwe na daftari la visa visivyokwenda vizuri, lisilo na jina la mgonjwa wala la muuguzi, lisomwe mara moja kwa wiki na wote, daktari akiwamo. Mambo haya hayahitaji bajeti, yanahitaji mkubwa mmoja wa kuyaanzisha na kisa cha kwanza cha kuandika. Cha kwanza mnaweza kuandika changu.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na mwenyewe nilikuwa sitaki kuumaliza wote kwa maneno. Pale mezani yapo masanamu matatu ya mtoto mchanga, mifuko ya kupumulishia, na saa moja ya ukutani. Hayapumui. Naomba watatu wa safu ya mbele wasogee, na wenzao wahesabu dakika kwa sauti.